Tochi kwenye bunduki: kabla hujaifunga, soma hapa kwanza

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu viwavijeshi, lakini itabidi wasubiri. Kuna jambo limenikuta ofisini nikaona nisilicheleweshe, maana mahindi ya watu wengi huku mlimani yameanza kubeba, na wenyewe mnajua mahindi yakianza kubeba ni nani anakuja usiku.

Mzee mmoja wa upande wa Ngarenanyuki alinifuata na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na tochi mpya ya kuchaji, ile ndefu yenye mwanga mkali, na kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Bwana shamba, wewe umesoma. Hii tochi nikiifunga kwenye bunduki kwa mpira itashika? Au kuna vyuma vyake maalumu?"

Nikamkaribisha kiti, tukaongea. Bunduki anayo siku nyingi, ya marisau, na ina kibali cha polisi. Nguruwe pori walikuwa wameingia kwenye viazi vyake mara mbili ndani ya wiki moja. Nilikwenda kuona kesho yake: karibu nusu ekari imegeuzwa kama imepita plau, viazi vimetafunwa nusunusu na kuachwa. Mtu ambaye hajawahi kupoteza shamba kwa usiku mmoja asimcheke mzee huyu. Mbegu alinunua kwa mkopo.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, kijana wako analala wapi siku hizi?"

"Kwenye kibanda, kulekule shambani. Analinda."

"Na zamu yenu ya maji ni lini?"

"Wiki hii ni usiku. Kuanzia saa nne."

Halafu akanyamaza. Nadhani alishaona ninakoelekea.

Sasa nieleze kwa faida ya wote, kwa sababu huyu mzee siye wa kwanza kuniuliza, na najua wapo ambao hawakuuliza, walifunga tu.

Tochi ikishafungwa kwenye bunduki, kila unachotaka kukiona ni lazima ukielekezee mtutu. Huwezi kumulika bila kulenga. Umesikia mchakacho kwenye mahindi, unageuza mwanga kuangalia, na tayari bunduki yenye risasi inamtazama huyo aliyechakacha. Sasa fikiria mashamba yetu yalivyo. Huku Meru watu wanatembea usiku shambani kuliko mahali pengi. Mtu ana zamu yake ya maji saa saba usiku, anapita na jembe begani kwenda kufungua mfereji, mara nyingi bila tochi kwa sababu njia anaijua tangu utoto. Mama anafuata maji yaliyokatwa juu na jirani. Vijana wanalinda nyanya na vitunguu. Hao wote wanachakacha mahindi sawasawa na nguruwe.

Kuna mama mmoja aliwahi kunisimulia kwamba alimulikwa usoni akiwa ameinama kwenye mfereji, akaita jina lake kwa sauti, na mwenye tochi akajibu "aa, ni wewe mama, nisamehe." Asubuhi ndipo alipojua kwamba ile tochi ilikuwa imefungwa juu ya gobore. Anasema tangu siku hiyo akienda kwenye maji anaimba.

Macho yanayong'aa si ya nguruwe

Hili wengi hawalijui, na nimeona nilipe nafasi yake. Mtu anakwambia, "Mimi sipigi ovyo, napiga nikiona macho yanang'aa." Ndugu yangu, hapo ndipo hatari ilipo.

Wanyama wengi wanaotembea usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kama kioo. Ndiyo maana ukimmulika ng'ombe, mbuzi, mbwa, paka, fisi, pongo au nyati, unaona taa mbili. Nguruwe hana utando huo. Sisi binadamu nasi hatuna. Kwa hiyo ukimulika shamba usiku, wale wawili usioweza kuwaona kwa macho yao kung'aa ni nguruwe na mtu, na wale watakaong'aa vizuri ni mbwa wa jirani, ndama aliyekata kamba, au nyati aliyetoka hifadhini ambaye ukimjeruhi kwa marisau, Mungu akusaidie. Anayepiga macho anapiga mali ya watu. Anayepiga kivuli kisicho na macho hajui kama ni nguruwe au ni mwanawe ametoka kibandani kujisaidia.

Huko wanakofanya

Najua mtaniambia, "Mbona kwenye simu tunaona Wazungu wanafanya?" Ni kweli. Jimbo la Texas kule Marekani, nguruwe mwitu wamekuwa janga, na sheria yao inaruhusu kuwawinda usiku kwa taa kwenye mashamba ya watu binafsi. Uingereza nako wakulima hupiga mbweha kwa taa. Lakini tazameni vizuri namna wanavyofanya. Tochi inakaa kwenye pete za chuma zilizofungwa kwa skrubu, siyo tyubu. Kumtafuta mnyama wanatumia taa nyingine ya mkononi, ya bunduki inawashwa mwishoni, mnyama akishajulikana ni nani na nyuma yake kuna nini. Na shamba lenyewe ni kubwa sana, lina uzio, hakuna mtu wa zamu ya maji anayekatiza.

Sasa ile ya tyubu. Bunduki ikilia inapiga teke, na kila teke linasogeza tochi kidogo. Ikipinda nyuzi 1 tu, kwa umbali wa mita 30 mwanga na mtutu vimeachana nusu mita nzima. Unamulika nguruwe, risasi inakwenda pembeni. Kwa gobore ni vibaya zaidi: baruti yake inatoa moshi mweupe, mwanga wa tochi ukiupiga huo moshi unakuwa ukuta mbele yako. Nguruwe aliyejeruhiwa yuko upande wa pili wa ukuta, ana meno, na wewe una silaha ya kushindilia upya. Na risasi haikai shambani kwako: hata ile ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, na za bunduki kubwa kilomita kadhaa. Kutoka Leguruki au Olkung'wado, kilomita 1 ni nyumba ngapi?

Kuna habari ya mwindaji Jim Corbett, ambaye mwisho wa maisha yake alihamia hapa jirani, Nyeri nchini Kenya, akafia huko mwaka 1955. Mwaka 1926 kule India alikuwa anamtafuta chui wa Rudraprayag, aliyehesabiwa kuua watu 125. Usiku wa mwisho alikaa juu ya mwembe, tochi imefungwa kwenye bunduki. Akaiwasha, akamwona chui, akafyatua, na papo hapo tochi ikazima. Alikaa juu ya mti gizani hadi kulipokucha, hajui kama amempata au amemkosa. Huyo ni mmoja wa wawindaji waliosifiwa sana duniani, aliyeitwa na serikali, anamtafuta chui aliyekula watu. Wewe una tochi ya kuchaji ambayo chaji yake huijui, na unatafuta nguruwe wa viazi.

Sheria inasemaje

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu hakuna mjadala mrefu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku na inakataza kuwinda kwa kutumia taa, isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Kibali chako cha polisi cha kumiliki silaha, chini ya ile sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, ni kibali cha kumiliki. Siyo leseni ya kuwinda. Haya ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku.

Kujiokoa wewe au mtu mwingine mnyama anapokushambulia ni jambo linalotambulika, lakini unatakiwa kutoa taarifa, na mnyama yule anabaki kuwa mali ya serikali. Huchuni, hugawi majirani. Nguruwe aliyepigwa usiku kwa tochi na nyama ikakutwa jikoni kwako ni nyara za serikali, na mmeshasikia hukumu za nyara: miaka 20 si habari ngeni mahakamani. Wapo wanaosema siku hizi kuna mabucha ya nyamapori. Yapo, yenye leseni, yanayopata nyama kwa njia zinazojulikana. Sufuria ya nyumbani kwako haina leseni.

Na hiyo nyama ina jambo jingine ambalo mimi kama mtu wa ugani linaniuma kuliko hata polisi. Nguruwe pori na ngiri wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza hapo Kenya, mwaka 1921, na tangu hapo haujapata tiba. Unaleta nyama ya nguruwe pori nyumbani, maji uliyooshea na mabaki yanakwenda kwenye banda, na nguruwe wako wote wanakwisha, kisha wa jirani, kisha karantini kata nzima, hakuna kuuza wala kusafirisha. Wafugaji wa Usa River na Maji ya Chai wanaelewa ninachosema. Umeokoa debe tatu za viazi, umeua mtaji wa kijiji.

Basi hiyo tochi tuifanyie nini?

Mzee aliniuliza hivyohivyo, na kwa hasira kidogo. "Kwa hiyo nikae niwaangalie wale?"

Hapana. Tochi ni silaha nzuri sana. Ila iwe mkononi, na bunduki ibaki kwenye kabati lake limefungwa.

Ngojeni niwape mfano wa mtoto wa Kimaasai wa Kenya, Richard Turere, wa pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alikuwa na miaka 11, kazi yake kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba wanakula. Akajaribu moto, simba wakapita. Akajaribu sanamu la mtu, siku ya kwanza wakaogopa, siku ya pili wakajua ni mti. Usiku mmoja akawa anazungukazunguka na tochi akagundua simba hawakuja. Wanaogopa mwanga unaotembea, kwa sababu mwanga unaotembea una mtu nyuma yake. Akachukua betri ya gari, sola, kile kiboksi cha indiketa ya pikipiki, na taa za tochi zilizoharibika, akazipanga kuzunguka boma ziwake na kuzima kwa kupokezana. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 alisimama mbele ya watu kule Marekani kwenye mkutano wa TED kueleza alivyofanya.

Alishughulika na simba, sisi tuna nguruwe, nungunungu na wakati mwingine tembo. Lakini kanuni ni ileile: taa inayosimama mahali pamoja mnyama anaizoea. Nimeona mashamba mengi yamewekwa balbu moja ya sola katikati, inawaka usiku kucha. Baada ya wiki nguruwe wanachimba chini yake. Unawarahisishia kazi. Ukiweka taa, ziwe za kuwaka na kuzima, ziwe pembeni upande wanakoingilia, na uzihamishe kila baada ya siku chache. Changanya na kelele: debe, filimbi, mbwa. Leo anza na kelele, kesho anza na mwanga.

Nguruwe pori ni mwoga na ana akili, ila anategemea pua kuliko macho. Mchana analala kichakani, mara nyingi kwenye korongo karibu na shamba lako. Kwa hiyo kabla hujanunua tochi ya pili, nunua panga. Fyeka ukanda kati ya shamba na korongo, upate mita kadhaa za uwazi, yaani mnyama atoke kwenye giza lake apite peupe kabla ya kufika kwenye viazi. Hapo ndipo mwanga wako unapofanya kazi, na hapo ndipo unapoona kama ni mnyama au ni mtu. Viazi usivipande ukingoni kabisa mwa korongo. Weka pilipili au vitunguu upande huo, viazi viingie ndani. Uzio wa michongoma au minyaa unasaidia ukishafungamana vizuri chini, maana nguruwe haruki, anasukuma na kuchimba. Nungunungu naye anachimba, kwa hiyo wavu wa waya kwa ajili yake ufukiwe chini ya ardhi angalau sentimita 30. Ni kazi, najua.

Mtego wa waya na sumu msiniulize. Wakishakufa mbwa wako na tumbusi wa kijiji kizima ndipo utakumbuka kwamba nguruwe bado yuko hai.

Kwa upande wa tembo, hasa nyinyi wa karibu na ushoroba wa Kisimiri na wanaopakana na Longido, habari ni nyingine. Usimwendee tembo na tochi peke yako. Shirika la Honeyguide la hapa Arusha limefundisha vikundi vya vijiji kule Enduimet, Magharibi mwa Kilimanjaro, namna ya kuwafukuza kwa hatua. Kwanza mwanga mkali kutoka mbali, watu wakiwa pamoja. Tembo asipoondoka, honi. Akizidi kubaki, kuna kifuko cha pilipili ya unga na mchanga kinachopasuliwa hewani, na mwisho kabisa fataki, ambazo si za kila mtu, ni za waliofundishwa. Siku zote unamwachia njia ya kutokea, na unaangalia upepo unakoelekea, maana pilipili haichagui. Mafundisho ni yale ya kikundi. Mtu mmoja na tochi mbele ya tembo ni mtu mmoja tu.

Kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili nayo imefanyiwa kazi na watafiti wetu wa TAWIRI kule karibu na Mikumi. Mvua ikinyesha inabidi upake upya, usipake ukasahau. Mizinga ya nyuki kwenye uzio Wakenya wa Sagalla, karibu na Tsavo, wameitumia miaka mingi, na unapata asali juu yake, ila nyuki wahame mizinga ibaki mitupu na tembo wajue, hapo huna uzio.

Ukishaharibiwa

Usilime tena wala usivune mabaki kabla hujatoa taarifa. Piga picha kwa simu, nyayo zionekane, weka kitu kama kiatu pembeni ili ukubwa ujulikane. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisi ya kijiji, taarifa ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Sisi watu wa kilimo ndio tunaoitwa kupima ekari zilizoharibiwa, kwa hiyo niite siku hiyohiyo, siyo baada ya wiki mbili ukiwa umeshapanda maharage juu yake. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011 zinahesabu kwa ekari, mwisho ekari 5, na zinaangalia shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi. Ukilima kwenye mpaka kabisa usitegemee. Na niwe mkweli: kanuni hizo zinalenga wanyama hatari kama tembo, nyati na kiboko. Kwa nguruwe na nungunungu hakuna kifuta jasho, na mimi naona hapo mkulima wa Meru ameachwa, kwa sababu hao ndio wanaommaliza mwaka hadi mwaka. Nimelisema kwenye vikao na nitaendelea kulisema.

Kama wanyama wanarudi kila usiku, ombeni msaada kwa maandishi kama kijiji, siyo mtu mmojammoja. Askari wa wanyamapori wakija, hao ndio wenye mamlaka ya kutumia silaha usiku, na wakija wanahitaji kujua nani yuko shambani, kibanda kiko wapi, na zamu ya maji ni ya nani. Andikeni hayo kwenye karatasi kabla hawajafika.

Yule mzee tuliagana hivi: tochi abaki nayo, tyubu aniachie. Ninayo hapa kwenye droo. Alikwenda akakaa na majirani wanne wanaopakana na lile korongo, wakapanga zamu ya kulinda kwa kufuata zamu ya maji, ili mwenye maji usiku huo ndiye awe na tochi kubwa, kwa sababu yeye yuko macho kwa vyovyote. Wazo hilo ni lao, si langu, na mimi sikuwa nimelifikiria. Korongo wamefyeka upande mmoja, upande wa pili una mgogoro wa mpaka na bado wanabishana.

Nguruwe wamerudi mara moja tangu hapo, usiku wa zamu ya mtu aliyelala. Jumatano napanda tena huko kuangalia. Mwenye shamba linalopakana na korongo na angependa nipitie, aniambie kabla ya Jumanne jioni, pikipiki ya ofisi ni moja.